Jina Lililohama Jukwaa

Jumamosi ya tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, mbunge wa Karatu alipanda jukwaani akiwa na karatasi. Dk. Willibrod Slaa, padri wa zamani aliyewahi kuwa katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, hakuwa msemaji wa mbwembwe. Alisoma kama mtu anayesoma matangazo baada ya misa: jina, cheo, tuhuma; kisha jina jingine. Yalipofika 11, watu wa Temeke walikuwa wamemsikia Rais aliyekuwa madarakani, Rais mstaafu, Gavana wa Benki Kuu, mawaziri, na Waziri Mkuu Edward Ngoyai Lowassa wakiwekwa kwenye orodha moja. Magazeti yaliibatiza Orodha ya Aibu.

Waliotajwa walikana. Baadhi waliahidi kwenda mahakamani. Chama Cha Mapinduzi kilisema hayo ni maneno ya wapinzani waliokosa sera, na CHADEMA kikasema hatimaye kuna mtu amemfunga paka kengele. Msimamo wa kila mmoja siku ile ungeweza kukisiwa kwa kutazama shati lake, la kijani au gwanda la kaki.

Miaka minane baadaye jina la Lowassa lilisomwa tena kwenye mkutano wa CHADEMA. Safari hii lilisomwa kwa vigelegele, kama jina la mgombea urais.

Kisa hiki kina mizizi mirefu. Wakati wa chama kimoja, uadilifu wa kiongozi ulipimwa, angalau kwenye karatasi, kwa masharti ambayo hata mtoto wa shule ya msingi aliweza kuyataja. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalikuwa makali, na wapo walioyakwepa kwa kuandikisha mali majina ya wake na watoto. Lakini yalikuwa na sifa moja: ulihitaji tu kuuliza kama fulani ana nyumba ya kupangisha au hana. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ilipokutana Zanzibar, iliyalegeza. Mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa. Taifa likaingia kwenye ushindani wa vyama likiwa limeshatupa rula yake ya zamani, na mpya ilikuwa bado haijachongwa.

Ilikuja mwaka 1995: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13. Chini yake kiongozi hujaza tamko la mali na madeni na kulipeleka kwenye Sekretarieti ya Maadili. Tangu hapo kila mwisho wa mwaka viongozi hukimbizana na fomu, na Watanzania walio wengi hawajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa kilichojazwa.

Mwaka huohuo ndipo jina la Lowassa lilipopimwa hadharani kwa mara ya kwanza, na aliyelipima alikuwa wa chama chake. Katika mchakato wa CCM wa kumtafuta mrithi wa Ali Hassan Mwinyi, Mwalimu Nyerere alimpinga mwanasiasa huyu kijana wa Monduli kwa hoja ya mali: ameipata wapi, na haraka hivi? Hakukuwa na kesi wala ripoti, ila neno la mzee, nalo lilitosha. Chama kikampitisha Benjamin Mkapa, akanadiwa kama Bwana Msafi. Upande wa pili alisimama Augustine Mrema, aliyejijengea jina la kupambana na wala rushwa akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa serikali ya CCM, kisha akahamia NCCR-Mageuzi muda mfupi kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa tayari mashindano ya watu wawili waliojiita wasafi, wote wametoka nyumba moja. Mkapa alipata karibu asilimia 62, Mrema karibu 28.

Lowassa alirudi taratibu. Akiwa Waziri wa Maji mwaka 2005 alivunja mkataba wa City Water, kampuni iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, na akasukuma mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Shinyanga na Kahama. Desemba 2005 rafiki yake Jakaya Kikwete, rais mpya, alimteua Waziri Mkuu. Alikuwa mtu wa kukagua ghafla, kukemea, kutoa tarehe za mwisho. Shule za sekondari za kata zilijengwa kwa kasi ambayo hadi leo watu wanaikumbuka, wengine kwa shukrani, wengine kwa malalamiko ya kwamba zilikuwa majengo yasiyo na walimu. Jambo hili lazima liwekwe mezani, maana katika siasa za Tanzania neno *mchapakazi* limefuta madoa mengi kuliko sabuni.

Kisha mvua ikagoma. Mwaka 2006 bwawa la Mtera lilishuka, mgawo wa umeme ukaingia, saluni na viwanda vikazima. Serikali ikatafuta umeme wa dharura wa megawati 100, na mwezi Juni TANESCO ikasaini mkataba na Richmond Development Company, iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Texas. Mitambo ilichelewa. Ilipoanza kuwasili, mvua ilikuwa imeshanyesha. Mwishoni mwa mwaka mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans, na TANESCO ikajikuta ikidaiwa malipo yaliyotajwa bungeni kuwa Sh milioni 152 kwa siku, umeme utumike usitumike.

Takukuru ilichunguza na mwaka 2007 ikasema haikuona rushwa. Kama mambo yangeishia hapo, Richmond ingekuwa kaulimbiu nyingine ya mikutano ya upinzani. Lakini Bunge la Spika Samuel Sitta liliunda Kamati Teule ya wabunge watano. Mwenyekiti alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe wa Kyela. Pamoja naye Stella Manyanya, Lucas Selelii na Herbert Mntangi, wote wa CCM, na Mohamed Habib Mnyaa wa CUF kutoka Pemba. Wanne kwa mmoja. Hesabu hiyo ndiyo iliyoipa ripoti meno, kwani hakuna aliyeweza kuitupa kuwa kazi ya wapinzani, na kuwepo kwa Mnyaa kulifanya iwe vigumu kusema CCM imejichunguza yenyewe chumbani.

Ripoti ilisomwa Dodoma Jumatano, tarehe 6 Februari 2008. Ilisema Richmond haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, kwamba shinikizo la kuibeba lilitoka juu, ikaikosoa Takukuru kwa kuisafisha, na ikamwachia Waziri Mkuu apime mwenyewe wajibu wake. Alipima usiku mmoja. Alhamisi asubuhi Lowassa alisimama bungeni, akalalamika kwamba kamati ilihoji watu wengi, hadi wa Marekani, lakini yeye ambaye ofisi yake iko hatua chache kutoka ukumbini hakuitwa. Akasema kinachotakiwa ni kiti cha uwaziri mkuu, na kwamba ameamua kukiachia. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha walijiuzulu pia. Baraza zima likavunjika, na Mizengo Pinda akateuliwa.

Lalamiko lile la kutoitwa lilistahili jibu bora kuliko lililotolewa. Mtuhumiwa kusikilizwa ni haki ya kawaida hata kwenye baraza la kata. Zaidi ya hapo, Mwakyembe mwenyewe alisema bungeni kwamba kamati iliyaacha mengine ili kulinda heshima ya serikali. Kauli hiyo iliacha dirisha wazi, na miaka saba baadaye Lowassa alipita hapohapo.

Bunge lilipitisha maazimio 23. Utekelezaji wake ulikokotwa kwa miaka miwili, kisha mjadala ukafungwa. Hakuna mahakama iliyowahi kumhukumu Lowassa kwa Richmond, wala kumsafisha, kwa kuwa hakufikishwa mahakamani kabisa. Mitambo yenyewe iliuzwa mwaka 2011 kwa kampuni ya Kimarekani ya Symbion, na Julai 2013 Rais Barack Obama alikwenda kuitembelea Ubungo, akapigwa picha akipiga danadana na mpira unaohifadhi umeme. Mitambo ilipata msamaha mapema kuliko wanasiasa.

Majira yale watu waliovuka mstari wa chama walikuwa wachache, na walilipa. Sitta, aliyeruhusu Bunge kuwatikisa wakubwa wa chama chake, mwaka 2010 alikatwa kwenye kinyang'anyiro cha uspika. CCM kilisema sasa ni zamu ya mwanamke, na Anna Makinda akapita. Saed Kubenea, ambaye gazeti lake la MwanaHalisi lilikuwa likimwandika Lowassa bila huruma, alivamiwa ofisini Januari 2008 pamoja na mwenzake Ndimara Tegambwage, akamwagiwa kemikali usoni. Mkumbuke Kubenea.

Wapiga kura nao walikuwa na mizani yao, na haikuwa ileile ya wahariri wa Dar es Salaam. Aprili 2008 Andrew Chenge, Mwanasheria Mkuu wa zamani, alijiuzulu uwaziri baada ya kufahamika kwamba ana zaidi ya dola milioni moja katika kisiwa cha Jersey, fedha alizoziita vijisenti. Nchi nzima ilicheka kwa hasira. Bariadi ilimchagua tena mwaka 2010, na tena 2015, kama Monduli ilivyomrudisha Lowassa mwaka 2010. Huko fisadi wa magazetini alikuwa mtu aliyeleta barabara na kuja msibani. Ukisema wapiga kura hawa ni wajinga unakwepa kazi. Waliona kwamba mbunge wao anatuhumiwa na watu wa mbali ambao nao wana mabwana zao, na wakaamua kumwamini wanayemjua.

CCM wenyewe walijaribu kujipima. Mwaka 2011 Kikwete alitangaza kwamba chama kijivue gamba, yaani kiwatoe waliotuhumiwa ufisadi. Rostam Aziz wa Igunga aliachia ubunge mwezi Julai, akisema amechoshwa na siasa uchwara. Lowassa na Chenge hawakutikisika, na gamba likabaki mwilini. Mwaka 2014 Chenge ndiye aliyeongoza Kamati ya Uandishi ya Bunge Maalum la Katiba. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa na tunu saba za taifa, zikiwemo uadilifu, uwazi na uwajibikaji. Katiba Inayopendekezwa ilitoka na nne, na hizo tatu hazimo katika orodha.

Novemba mwaka huohuo lilikuja sakata la Akaunti ya Tegeta Escrow, na hapa Bunge lilionyesha kwamba Richmond haikuwa bahati nasibu. David Kafulila wa NCCR-Mageuzi ndiye aliyelipigia kelele jambo hili hadi akatukanwa tumbili bungeni na Mwanasheria Mkuu, Frederick Werema. Kamati ya Hesabu za Serikali ilikuwa chini ya Zitto Kabwe wa CHADEMA, na makamu wake, Deo Filikunjombe wa Ludewa, alikuwa CCM. Hawa wawili walipokezana kusoma ripoti ya zaidi ya Sh bilioni 306 zilizotoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Filikunjombe alisoma majina ya mawaziri wa chama chake kwa sauti ileile aliyosomea takwimu. Werema alijiuzulu. Profesa Anna Tibaijuka, aliyepokea Sh bilioni 1.6 na kusema ni mchango wa shule, na kwamba milioni 10 alizitumia kwa mboga, aliondolewa uwaziri. Waziri wa Nishati, Sospeter Muhongo, aliondoka Januari. Mwezi uliofuata Baraza la Maadili lilikaa Karimjee. Chenge, ambaye naye aliingiziwa Sh bilioni 1.6, alifika na amri ya Mahakama Kuu mkononi.

Ajabu ni yaliyofuata. Zitto alifukuzwa CHADEMA Machi 2015 kwa ugomvi wa ndani ya chama, akajiunga na ACT-Wazalendo, chama kilichojaribu kufufua miiko ya Arusha kwa Azimio la Tabora. Mgombea wake wa urais, Anna Mghwira, alipata kura 98,763 nchi nzima, chini ya asilimia moja. Filikunjombe alifariki katika ajali ya helikopta Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi.

Basi tufike Dodoma, Julai 2015. Lowassa alikuwa na nguvu kuliko mgombea mwingine yeyote ndani ya CCM, na Kamati Kuu ilimkata jina kabla halijafika Halmashauri Kuu. Kikwete alipoingia ukumbini, wajumbe walimpokea kwa wimbo wa kuwa na imani na Lowassa. Rafiki wa miaka 20 alikaa kimya akiusikiliza. John Magufuli alitoka mshindi tarehe 12. Tarehe 28, katika hoteli ya Bahari Beach, Lowassa alipokea kadi ya CHADEMA, na ndani ya wiki moja akawa mgombea wa UKAWA, umoja wa vyama vinne vya upinzani.

Kilichofuata kilikuwa mabadilishano ya mavazi ya kimaadili ambayo sidhani kama historia yetu ya kisiasa ina mfano wake. Mawakili wa CHADEMA waliokuwa wameitaja Richmond kila walipopata kipaza sauti sasa walisema mwenye ushahidi aende mahakamani. Lowassa alisema alitaka mkataba uvunjwe, ila amri ya kuuendeleza ilitoka ngazi ya juu. Dirisha la Mwakyembe lilikuwa bado wazi. Na makada wa CCM waliokuwa wakitaka ushahidi tangu Mwembe Yanga waligundua ghafla kwamba hauhitajiki: Mwakyembe na Sitta, waliokuwa wamewekwa pembeni kwa kazi yao ya 2008, sasa walipewa majukwaa wasome ripoti ileile. Kubenea, yule wa MwanaHalisi, aligombea ubunge wa Ubungo kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda, huku juu ya mabango ya chama chake kukiwa na uso wa Lowassa.

Mitaani hakuna aliyejali sana. Wafuasi walizungusha mikono kuashiria mabadiliko kila jina la Lowassa lilipotajwa, wakajibizana *Lowassa!* na *mabadiliko!* mpaka sauti zikakauka. Mwanza watu walipiga deki barabara ya lami, kwa ndoo na matambara, ili msafara wake upite pasafi. Picha ile ilichekesha wengi, lakini ilisema kweli: watu hawa hawakuwa wamesahau Richmond. Walikuwa wamefanya hesabu kwamba kuiondoa CCM kuna thamani kuliko swali la mkataba wa umeme wa mwaka 2006. Hesabu hiyo unaweza kuikataa, na mimi naikataa, lakini ni hesabu.

Wawili waliokataa walikuwa ndani ya UKAWA wenyewe. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF tarehe 6 Agosti. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA na mgombea wake wa urais mwaka 2010 aliyepata asilimia 26 ya kura, alitoweka hadharani kwa wiki kadhaa. Tarehe 1 Septemba alijitokeza hoteli ya Serena, mbele ya kamera zilizokuwa zikirusha moja kwa moja, akasema anaachana na siasa za vyama. Alieleza kwamba alishiriki mwanzo wa mazungumzo ya kumpokea Lowassa, akauliza kama mtu huyu ni mtaji au mzigo, akataka ajisafishe kwanza mbele ya wananchi, na hilo halikufanyika.

Hapo ndipo msomaji wa historia hii anapoweza kupata kizunguzungu. Walioishangilia orodha ya Mwembe Yanga walisema Slaa amenunuliwa, wakauliza nani amelipia ukumbi. Waliomwita mzushi mwaka 2007 walisambaza hotuba yake kwa simu, kata kwa kata. Maneno yake juu ya Lowassa yalikuwa yaleyale, karibu neno kwa neno.

Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46. Lowassa alipata kura 6,072,848, sawa na asilimia 39.97, idadi ambayo hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kuikaribia kabla yake. Rais mpya alianzisha kitengo cha Mahakama Kuu cha rushwa na uhujumu uchumi, ambacho kampeni zilikiita mahakama ya mafisadi. Lowassa hakupelekwa huko. Novemba 2017 Slaa aliteuliwa balozi, akapangiwa Sweden. Mwezi huohuo Kafulila alitangaza kuondoka upinzani, na baadaye akawa mkuu wa mkoa wa Simiyu katika serikali ya CCM. Tarehe 1 Machi 2019 Lowassa aliingia ofisi ndogo za CCM, Lumumba, akapokewa na Magufuli, akasema amerudi nyumbani. Siku hiyo mashati yalibadilishana mistari tena: makada waliokuwa wameisoma ripoti ya Mwakyembe majukwaani walimpigia makofi, na mitandaoni wapinzani waliichimbua Richmond kutoka walikoizika.

Alifariki tarehe 10 Februari 2024 na kuzikwa kwa heshima za kitaifa kijijini Ngarash, Monduli. Wakati huo Slaa hakuwa tena balozi. Mwaka 2023 alisimama hadharani kupinga mkataba wa bandari na DP World ya Dubai, akakamatwa Agosti, na mwezi Septemba Rais Samia Suluhu Hassan akamvua hadhi ya ubalozi. Makada waliokuwa wamesambaza hotuba ya Serena walimwita mzee aliyepotoka. Wapinzani waliokuwa wameuliza nani amelipia ukumbi walimwita sauti ya taifa. Waliojibizana naye juu ya vifungu vyenyewe vya mkataba, kimoja baada ya kingine, walikuwa wachache kuliko waliotaka kujua kwanza sasa hivi yuko upande gani.